Orodha ya Akpevwe

Kila asubuhi kabla ya kengele, timu ya mchezo wa maneno katika shule moja ya mji wa Warri ilifagia uwanja huku ikikariri. Mmoja alitaja neno la Kiingereza, wengine wakaitikia kwa mengine yenye mwisho uleule. Maana yake hakuna aliyeijali. Kwenye ubao wa herufi, neno lililomo katika kitabu cha maneno halali ya mchezo lina pointi. Lisilomo, mpinzani akilipinga, umepoteza zamu.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu, cha mwalimu wao, Madam Onoriode. Kila mwanafunzi alikaa nacho siku mbili akinakili maneno ya mwisho mmoja, na timu nzima ikajifunza kwa orodha yake. Akpevwe, msichana wa miaka kumi na mitatu, alipewa yanayoishia na i-s-h. Siku zote mbili alishinda kwa binamu yake akitazama filamu. Asubuhi ya kurudisha kitabu alikuwa na maneno themanini, na Madam alitaka mia. Akabuni ishirini palepale barazani, akayachomeka katikati ya mengine yasijulikane.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi rafiki yake Oreva angepambana na shule ya Sapele. Mshindi angekwenda Asaba kwenye mashindano ya jimbo. Oreva aliijua orodha ile kama anavyolijua jina lake. Kila alipotaja neno la uongo, Akpevwe alifagia kwa kasi zaidi.

Wakati wa mapumziko, wakila moi-moi za kunde zilizopikwa kwa mvuke, Akpevwe alijaribu njia ya mkato. Akamwambia Oreva asiyategemee sana maneno yale.

Oreva akaacha kutafuna. "Aa, nimekuelewa. Wewe si ndiye wa akiba? Nikianguka mimi, unaingia wewe."

Akpevwe alipiga hesabu kichwani. Akinyamaza, anamponza rafiki yake. Akisema nusu, anaonekana ana kijicho. Akisema yote, atachekwa mpaka amalize shule. Kila alikogeukia palikuwa pamezibwa, na usiku huo hakupata usingizi.

Ijumaa baada ya masomo aliingia ofisini kwa Madam, akayasema yote. Madam hakupaza sauti. Alimpa orodha na kalamu nyekundu, akamwambia ayafute aliyoyabuni.

Aliyatambua saba, labda manane. Yaliyobaki yalikuwa yamekaririwa mno hata yakawa na sura moja na ya kweli.

"Siyajui tena, Madam," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Oreva aliitwa. Walikaa na kitabu wakiyatafuta yote mia, moja baada ya jingine, bila Oreva kumtazama Akpevwe hata mara moja, mpaka mlinzi akaja kufunga madarasa. Yote ishirini yalifutwa.

Jumamosi, mchezo ukiwa unakaribia kwisha, Oreva alishika herufi za neno la i-s-h ambalo lingempa ushindi. Lilikuwa neno halali, mojawapo ya yale themanini. Akasita, akazirudisha, akaweka neno dogo. Alishindwa kwa pointi sita.

Nje ya ukumbi, Madam alimweka Akpevwe mbele yake. "Uliyoyabuni ni ishirini tu, mwanangu. Lakini ukishachanganya uongo na kweli, hata ile kweli mtu anaiogopa. Umekiri, na umefanya vizuri. Siku nyingine kiri mapema."

Oreva alikuwa akisikia. Alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Jumatatu tunaanza orodha upya," alimwambia Akpevwe. "Wewe utanisomea kitabu. Kuandika, naandika mimi."