Pikapu ya Kushuka Nayo Mlima

Zizini kwa Duane na Lorna Haugen, kule Montana, farasi walikuwa wawili tena: Pepper, na jike mgeni aliyeletwa kuziba pengo la Dolly.

Dolly alifia barabarani vuli iliyopita. Walikuwa wakishuka mlima, trela ya farasi ikaanza kuyumba nyuma ya pikapu yao. Ikaivuta huku, ikaivuta kule, mwisho ikapinduka. Tangu siku hiyo Lorna hakupanda tena gari lenye trela.

Na sasa siku ya kupiga ndama chapa ilikuwa inakaribia. Bonde zima huenda na farasi kumsaidia jirani. Asiyeonekana, husemwa mpaka kipupwe.

"Tuchukue lile jekundu," Duane alisema walipofika kwa muuza magari. "Ni dizeli. Tangazo linasema linavuta ratili elfu saba na mia tano. Trela yetu haifiki huko."

"Hata la kwanza ulisema linavuta," Lorna akajibu.



Lorna alikuwa amekuja na shoga yake, Arlys Tvedt, aliyeendesha malori ya ng'ombe hadi nywele zikaota mvi. Arlys akafungua mlango wa dereva wa lile jekundu, akaonyesha kibandiko kidogo.

"Duane, tangazo linakwambia gari linavuta nini. Hapa panakwambia linabeba nini. Juzi tulipima trela yenu kwenye mizani ya malori, farasi wakiwa ndani. Ilikuwa elfu tano na mia tano. Shingo yake peke yake, pale inapoungwa na gari, mia sita. Hizo mia sita zinakalia pikapu, pamoja nanyi, matandiko na kila mtakachopakia. Haya, soma."

"Mia tisa na hamsini. Basi? Gari lote hili?"

"Urembo nao una uzito, bwana. Viti vya ngozi, paa la kioo, vyuma vya ubavuni. Sasa soma lile jeupe la pembeni. Injini ni hiyo hiyo."

"Elfu moja na mia nne." Duane akakunja uso. "Lakini limekaa kama gari la posta."

"Barua hufika," Arlys akamjibu.

Lorna hakucheka. "Na kushuka je?"

Arlys akapunguza sauti. "Kupanda ni kazi ya injini, mwenzangu. Kushuka ni kazi ya breki. Dizeli hii ina breki ya injini, inalizuia gari kwenye mteremko. Trela nayo lazima iwe na breki zake, na dereva aweze kuzikaza kwa mkono. Mnaingiza gia ndogo mkiwa bado juu. Msingoje breki zianze kunuka."

"Na siku ile?"

"Siku ile mlijaza watu, mbwa na marobota ya nyasi. Nyuma ya pikapu ikadidimia, pua ikainuka. Magurudumu ya mbele yakakosa kushika barabara."

"Ningemwacha nani?" Duane aliuliza, macho chini. "Watu wamesimama njiani."

"Hakuna ambaye angewaacha. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini mlima haujui adabu zetu."

Wakanunua jeupe, wakafungiwa breki za trela.

Asubuhi ya kwenda kupiga chapa, akatokea Virgil, kaka yake Lorna, na mkewe, mbwa wawili na marobota ya nyasi.

"Shemeji, fungua mlango! Tubanane!"

"Hapana, shemeji. Njoo na gari lako."

"Aa! Gari jipya limeshakupandisha cheo? Ndugu hatupandi?"

"Nitukane tu. Leo tunakwenda wawili."

Virgil akafungua kinywa aongeze. Akamwona dada yake ameketi ndani, mikono mapajani. Akageuka, akawaita mbwa wake.

Kileleni Duane akaingiza gia ndogo. Injini ikanguruma, gari likateremka polepole. Wakaipita kona ya Dolly.

Chini bondeni Lorna akasema, "Simama."

Akashuka, akafungua dirisha la trela. Pepper alikuwa akitafuna nyasi. Jike mgeni akageuza kichwa kumtazama. Lorna akampapasa shingoni, kisha akautazama mkono wake.

"Mkavu," alisema. "Hajatoka hata jasho."

Akarudi kitini, akafunga mlango.

"Twende basi, baba. Watatusema tumechelewa."