Printa ya Kumi na Mbili

Ofisi ya vizazi na vifo ya jiji la El Alto, juu milimani, ilikuwa na printa kumi na moja, na Nieves Colque, fundi wa mtandao, alizijua zote, kila moja kwa ukorofi wake. Ijumaa ya sikukuu ya Kanivali, saa nne asubuhi, kompyuta yake ilimwonyesha kumi na mbili. Zote zilisubiri aziidhinishe kupokea programu mpya.

Aliona, akapuuza. Mimba ya miezi minane ilikuwa imemchosha, na mchana kazi ingesimama ili mashine zinyunyiziwe pombe na kuvishwa tepe za rangi, ardhi nayo ipewe sadaka yake, kama kila mwaka. Desturi ni kunyunyiza kwanza, ndipo mashine iguswe. Nieves akaziidhinisha zote kwa mkupuo.

"Umeanza kabla ya pombe?" Grover wa masjala akamtania. "Dada, wewe una haraka kuliko huyo mtoto."

"Niache bwana. Nyie mnawaza kulewa tu."

Haikupita nusu saa, harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka sakafuni, udongo wa mgodini, wenye kutu. Kisha ikasikika printa ikivuta karatasi huko chini, na jengo lile halikuwa na chumba chini. Nieves akashika tumbo. Mtoto aliyezoea kumpiga mateke kutwa alikuwa ametulia tuli.

Printa ya mezani pake ikatoa karatasi moja. Cheti cha kuzaliwa. Tarehe ya leo, mtoto wa kike, mama Nieves Colque. Jina la mtoto halikujazwa. Penye jina la baba palikuwa na doa jeusi, bado bichi.

"Grover," alinong'ona, "nani kachapa hii?"

Grover hakutania tena. Alitoka mbio, akarudi na Mzee Eulogio, mganga mwenye kibanda mtaa wa pili. Mzee akamwaga mezani majani ya koka ya kupigia ramli, akayasoma.

"Binti yangu, kuna mtu kaingia. Nani kampokea?"

"Mimi, mzee. Niliidhinisha tu, sikujua."

"Basi rudisha mashine zilivyokuwa."

Nieves akajaribu, na kompyuta ikamjibu jambo alilolijua tangu alipoajiriwa, kwamba printa ikishapokea programu mpya haikubali tena ya zamani, ndivyo zilivyoundwa ili wahalifu wasiziingilie, naye akajaribu tena, na tena, huku harufu ikizidi na chini kule karatasi zikivutwa upesi upesi bila kukoma, mpaka akalia kwa woga mbele ya watu.

Mzee akachoma mafuta ya lama, yule mnyama wa milimani, pamoja na peremende kwenye kigae, akanyunyiza pombe pembe zote nne, akakemea kwa Kiaymara hadi jasho likamtiririka. Sauti ikakatika. Harufu ikapotea. Kwenye kompyuta zikabaki printa kumi na moja.

"Ameondoka?" Nieves aliuliza.

"Mashine ameziacha," mzee alisema, bila kumtazama usoni.

Printa ya mezani ikatoa karatasi nyingine. Cheti kilekile, sasa kina jina la mtoto, jina ambalo halifai kutajwa hapa. Grover akakiokota, akalisoma kwa sauti kabla mzee hajamziba mdomo.

Tumboni mwa Nieves, mtoto akaitika.