Kishimo cha Mbuke

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita pale Ngokolo walishuka mtoni na ndoo zao. Mwaka ule wa 1994 mto ulikuwa mchanga mtupu, kwa hiyo kila mtoto alichimba kishimo chake na kuchota maji ya kumwagilia mche wake wa mwarobaini. Siku ya kufunga shule, Mwalimu Stanslaus angepima miche yote na kumtangaza mshindi mbele ya shule nzima.

Mwaka uliopita alitangazwa Mbuke. Lo, ushindi ule ulimnyima raha! Sasa mche wa rafiki yake Khushbu, binti wa mwenye duka la vitambaa, ulikuwa umeupita wake kwa vidole viwili. Mbuke aliogopa kuwa wa pili kuliko alivyoogopa nyoka.

Asubuhi moja kishimo chake kilikauka. Akachimba kwenda chini moja kwa moja, hadi kingo zikampita kichwa. Mchanga ukaanza kudondoka.

“Mbuke, toka!” Khushbu aliita. “Tupanue mdomo wa shimo kwanza. Leo chota kwangu.”

“Kwako? Thubutu! Mimi sikati tamaa.”

Akapiga jembe mara moja, mara mbili. Puu! Ukingo ukaporomoka, mchanga ukamfunika hadi kifuani. Alivuta mguu, haukusogea. Kila alipopumua, mchanga ulizidi kumbana.

“Mayu!” alimlilia mama yake kwa Kisukuma, lakini sauti ilitoka ndogo. Juu yake ukingo wa pili ulikuwa umeingia ufa. Mbuke aliutazama ufa ule, akajua anakufa.

Khushbu alikuwa ameshatimua mbio. Alirudi na Maige, baba mdogo wa Mbuke, aliyekuwa akinywesha ng'ombe jirani, huku akimweleza jinsi Mbuke alivyokataa kupanua shimo. Maige aliwahi kuchimba dhahabu Bulyanhulu, kwa hiyo hakuruka ndani. Alianza kuukwangua mchanga upande wa ufa, akipanua shimo polepole.

“Usijitikise, mwanangu. Pumua kidogo kidogo.”

Hatimaye alimtoa, akamketisha mbali na ukingo.

“Ulikuwa unatafuta maji?” Maige aliuliza.

“Nilitaka kumshinda Khushbu, baba mdogo.”

“Ndiyo maana hukusikia. Anayetaka maji akiambiwa apanue, atapanua. Wewe ulitaka kutangazwa, ukaona kubadili njia ni kushindwa. Kule machimboni shimo likianza kumwaga mchanga tulitoka, tukaweka miti ya kulizuia, tukarudi kazini. Huko ndiko kutokata tamaa. Ulichofanya wewe ni ukaidi, na ukaidi umewazika rafiki zangu wawili.”

Alizidi kuukodolea macho ukingo ule. Mbuke alikuwa hajawahi kumwona baba mdogo akiogopa.

Kesho yake alishuka tena mtoni. Alisimama mbali na shimo, jembe mkononi.

“Khushbu,” alisema, “nianze kupanua wapi?”