Mlalamikaji wa Kwanza

Ndugu zangu wa mtaani, muuza magodoro wetu alipungukiwa na mengi. Hakuwa na nywele utosini. Hakuwa na televisheni, kwani ya zamani iliungua na fundi akaikataa. Hakuwa na rafiki wa kumwambia "hapo umekosea". Hakuwa na masikio ya kumsikiliza mkewe hadi mwisho wa sentensi. Kitu kimoja tu alikuwa nacho tele, nacho ni maadili. Hayo aliyagawa bure mtaa mzima, kwa watu ambao hawakumwomba.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Asubuhi moja ya Jumamosi nyumba yao ilikuwa imetulia. Mume anasoma gazeti, binti yao anapiga pasi, mama ameinamia gauni jeupe.

"Mume wangu, hebu nishikie hapa," mama alisema. "Vifungo vyote vikae mgongoni, vifunguke upesi. Ni la wale watu wa filamu. Kuna mahali mwanamke anakwenda kwa daktari, sasa..."

"Mm," alijibu mume, kitambaa mkono huu, gazeti mkono ule. "Umeshona vizuri."

Filamu ilipotoka, habari zake zilifika kwenye kibanda cha kinyozi. Mmoja alisema ndani yake kuna mwanamke anaonyesha mgongo. Wa pili akasema ni mpaka kiunoni. Kila mdomo ulimvua nguo moja, na habari ilipomfikia muuza magodoro, yule mwanamke hakubakiwa na hata uzi.

"Wewe umeiona?" kinyozi alimuuliza.

"Mtu mzima na heshima zangu, nikatazame uchafu? Nimeambiwa!"

Jioni ile ile akaandika malalamiko: sisi tuliotia saini tumeitazama filamu hii na tumeumizwa nayo. Akaweka saini yake juu kabisa, kisha akapita nayo nyumba kwa nyumba. Nisiwafiche, mlitia saini. Wengine mlitia kwa sababu mliona jirani ametia. Yupo bibi mmoja aliyeitazama filamu hiyo mara mbili, akalia machozi mara zote mbili, naye akatia saini. Hapo sina la kusema.

Bodi ya filamu ikaipiga marufuku. Polisi wakamkamata mwongozaji. Kisha wakachukua orodha ya majina yanayopita mwishoni mwa filamu, yale ambayo hakuna anayeyasoma, wakaanza kuwafuata wenyewe mmoja mmoja.

Askari wawili waliingia wakati wa chai.

"Kwa fundi cherehani ni hapa?"

"Ni hapa, afande, karibuni sana!" Muuza magodoro alisimama akifuta mdomo, uso unang'aa. Alidhani wamekuja kumshukuru. "Mimi ndiye mlalamikaji wa kwanza."

"Hongera, mzee," askari alisema. "Tumemfuata mkeo."

Lile gauni likawa kielelezo cha kesi, na mama akawekwa mahabusu. Muuza magodoro alimkimbilia mwendesha mashtaka akihema, akamkuta mama mmoja mtaratibu asiyependa maneno mengi.

"Mkeo anashtakiwa kwa nguvu ya malalamiko yako," alimwambia. "Umeandika kwamba umeitazama filamu. Umeitazama?"

"Kwa kweli... niliisikia."

"Basi niandikie hivyo, hukuiona. Nikipata barua hiyo, shtaka la mkeo nitaliondoa."

Mtu mwenye akili angeomba kalamu pale pale. Wetu alisema atafikiria. Akaenda kumwona mkewe.

"Mama watoto, sema walikudanganya. Sema walikwambia ni gauni la muuguzi."

"Niidanganye mahakama ili wewe usionekane mwongo?"

"Fikiria jina langu."

"Jina lako liko nje linakunywa chai. Mimi niko humu. Sasa nyamaza, leo utanisikiliza mpaka mwisho. Yule mwanamke anakwenda kwa daktari, anafunguliwa vifungo, na mgongo una alama za mkanda. Mumewe ni mtu wa heshima, kama wewe. Basi, hakuna lingine. Hayo ndiyo yaliyokuumiza?"

Muuza magodoro alirudi nyumbani, akakaa mezani mbele ya karatasi tupu.

"Baba, mama atalala kule mpaka lini?" binti aliuliza.

"Watu watanionaje, mwanangu?"

"Watakuona kama wanavyokuona siku zote. Ni wewe tu usiyejua."

FUNZO

Funzo naliweka hapa, kabla hadithi haijaisha, kwa sababu mtaa huu una tabia ya kuhukumu kabla ya mwisho. Anayetaka kazi ya mwenzake ifungiwe, aitazame kwanza yote kwa macho yake. Ikimchukiza, ana mdomo: aseme imemchukiza wapi, na mwenye kazi amjibu. Pingu si jibu la filamu. Na msiilaumu serikali peke yake kwa kuingia majumbani kwetu. Sisi ndio tuliokwenda kuiita, tukajipiga vifua, na hatukuuliza itakayemchukua ni nani.

Barua ya kwanza ya muuza magodoro ilisema "sikupata nafasi ya kuitazama kwa makini". Binti aliisoma, akaichana. Ya pili ilikuwa fupi: "Sijaiona filamu hii. Niliambiwa tu, nikaandika kwamba nimeiona." Akatia saini.

Alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja. Wakatoka pamoja, kwani binti hakumwamini hata kwa mwendo wa kutoka mlangoni hadi dirisha la karani wa mwendesha mashtaka. Alitembea ubavuni mwake njia nzima, akasimama hapo mpaka bahasha ilipotoka mikononi mwa baba yake.