Chukua ya Bwana Yangu

Jioni ile Éphraïm alitafsiri mtu aliyekuwa amefunga mdomo.

Watu wa salle, ule ukumbi wa filamu, walicheka, maana walimzoea. Ndiye mtafsiri wa filamu pale Ndosho, mtaa wa Goma, mwaka wa kumi na mbili sasa. Hukaa kando ya pazia jeupe na mikrofoni yake. Mwigizaji akisema sentensi moja kwa Kiingereza, yeye anasema nne kwa Kiswahili, na mbili kati ya hizo ni utani wake mwenyewe. Lakini safari hii kwenye pazia hakuna aliyesema kitu. Mwanaume wa kwenye filamu alisimama tu, akitazama televisheni ya zamani, na Éphraïm akasema polepole, "Niko hapa. Muliniacha siku mingi."

Mke wake, Perpétue, alikuwa mlangoni na beseni lake la mikate ya mafuta. Alimwona mumewe akiitazama ile mikrofoni, akaipigapiga kwa kidole, halafu akaendelea na kazi.

Tuseme ukweli, filamu yenyewe ilikuwa tamu. Habari ya mtu wa miaka arobaini anayerudi kwao, anakuta mashine ya michezo ya video aliyochezea utotoni, anawaita marafiki zake wa zamani, wanakaa chini na vitambi vyao na kugombania manette, kile kishikio chenye waya. Salle ilijaa wazazi wa watu. Wote waliwahi kusongamana kwenye vibanda vya mbao, watu ishirini kwa televisheni moja, wakisubiri zamu mpaka mama zao waje kuwatoa kwa fimbo. Mahoro, fundi wa pikipiki, mtu mzima mwenye ndevu, alilia machozi wazi wazi. "Mungu wangu! Hii game niliimaliza miye! Muulize mutu yeyote!"

"Uliimaliza na nani? Ulikuwa unakufa ku mulango ya kwanza!" mtu akamjibu kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Basi, katikati ya filamu yule mtu akashindwa mchezo. Pazia likawa jeusi, ikatokea namba kumi, kubwa, nyekundu. Aliyecheza anajua maana yake. Mchezaji hupewa vie, yaani uhai, mara nyingi tatu. Zikimwisha mashine inamhesabia kutoka kumi kurudi chini, na asipopata vie nyingine, kwisha habari yake. Zamani kule vibandani palikuwa na desturi: unamgeukia mwenzako mnayecheza naye, unamwambia, "Nipe vie," naye, kama ana roho nzuri, anasema, "Chukua."

Éphraïm akasimama. "Nani anamupa vie?" akauliza. "Batu ya Ndosho! Moja tu! Nani?"

Perpétue alikuwa amenuniana naye tangu asubuhi kwa sababu ya bati linalovuja, ambalo Éphraïm aliapa kulipanda juma zima na hakulipanda. Akaona hapo ndipo pa kumlipizia. Akapaza sauti kutoka mlangoni, "Chukua ya bwana yangu!"

Salle nzima ikalipuka. Watu walipiga makofi na kugongana mabega. Éphraïm naye alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati, mdomo ukabaki wazi, na ndani ya mdomo ule ikatoka sauti nyembamba, kavu, isiyo ya mtu mzima wala ya mtoto.

"Dix," kumi kwa Kifaransa.

Hapo hapo courant ikakatika. Katika giza watu wakasikia harufu ya waya unaoungua, wakaanza kulaumu mashine ya kuonyeshea filamu. Umeme uliporudi mashine ilikuwa nzima, tena baridi. Éphraïm alikuwa ameketi, mikrofoni mapajani, na hakutafsiri tena hata neno moja mpaka mwisho.

Njiani, wakiruka mawe ya lava, akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Mama Bénie, nani alisema dix?"

"Ni weye."

"Hapana," akasema. "Ile haikuwa miye."

Kesho yake, Jumatatu, saa kumi na mbili ya jioni, saa ile ile dix iliposemwa, walikuwa wanakula. Éphraïm aliweka tonge la fufu chini na kusema tisa: "Neuf." Bénie, binti yao wa miaka saba, mtoto wao wa pekee, akacheka na kuendelea yeye: "Huit! Sept! Six!" Perpétue akamziba mdomo kwa mkono wenye mchuzi. Harufu ya waya ilikuwa mezani. Akamshika mumewe mkono, akakuta kidole kidogo ni cha baridi, baridi ya jiwe la alfajiri, na hakikupata moto hata alipokiweka karibu na mbabula, jiko la makaa.

Jumanne ilikuwa huit. Jumatano sept, na vidole vitano vyote vilikuwa vimepoa. Éphraïm mwenyewe hakujua kama anasema, aliona tu nyuso za wenziwe zimebadilika, ndipo anauliza, "Imesema tena?" Alhamisi Perpétue alijaribu kumfunga mdomo kwa mikono yake miwili saa ilipofika, akabana kwa nguvu zake zote, magoti juu ya kitanda, akimwomba Mungu na kumtukana shetani kwa pumzi moja, na bado ile six ikapita katikati ya vidole vyake, tulivu, bila haraka, kama mtu anayepita kwenye mlango wa nyumba yake.

"Ni miye," akalia. "Ni huu mudomo yangu. Ningekatwa ulimi siku ile!"

Éphraïm akachukua daftari la Bénie, kwa kuwa aliogopa sasa kusema, akaandika: *Ulikuwa unacheka tu. Salle yote ilicheka.* Perpétue alisoma, akalia zaidi.

Ijumaa, baada ya cinq, alikwenda kwa Mama Katungu. Huyu ni mjane wa Butembo, mpiga pasi, anayewaombea watu katikati ya nguo zake na pasi yake ya makaa, na hana subira na mtu anayezunguka maneno. Alimsikiliza Perpétue huku akinyoosha shati la padri.

"Rudia. Ulisema nini?"

"Nilisema, chukua ya bwana yangu."

Pasi ikasimama. "Mutoto wangu, we! Ulipana kitu haikuwa yako!"

"Nilikuwa nafanya mchezo, Mama."

"Na ile inacheza pia. Kila siku."

Jumamosi Mama Katungu alikuja Ndosho na rozari na chupa ya maji ya baraka. Aliomba kuanzia mchana. Saa kumi na mbili ilipofika Éphraïm alimgeukia, na ile sauti ikamwambia usoni, kwa heshima kabisa, "Quatre, Mama Katungu." Bibi yule akaketi kwenye bidon, lile dumu la maji. Alipopata pumzi akamtoa Perpétue nje.

"Nisikilize vizuri. Jini yenye iliingia tu, ninaweza kuifukuza. Hii iliomba, ikapewa, mbele ya batu. Haitatoka. Lakini iko na shida moja: aliyeipa haiko mwenye kitu. Itahesabu yenyewe mpaka deux. Ile ya mwisho, lazima mwenye vie aiseme yeye, na sauti yake. Akisema un, ile moja, amekubali. Imemaliza."

Perpétue karibu amrukie shingoni kwa furaha. "Basi asiiseme! Si rahisi? Asiiseme!"

"Rahisi?" Mama Katungu akamtazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira. "Un iko neno? Ni pumzi ya pua. Hata mudomo ikifungwa, inatoka. Nikuulize: hapa kwetu mutu akiitwa jina, anaitika namna gani?"

"Ehn?" Perpétue akajibu, na papo hapo akajiziba mdomo.

"Umesikia sasa," bibi akasema. "Haiwezi kuisema yenyewe, na haitachoka. Itamuuliza maulizo yote ya dunia."

Jumapili trois. Jumatatu deux, na baridi ikamfika Éphraïm kifuani, upande wa moyo. Jumanne walifunga mlango. Éphraïm alijifunga kitambaa mdomoni, akaketi ukutani. Saa kumi na mbili ikafika, na haikusema kitu. Rangi ikamrudia usoni, akatingisha vidole vyake, vimepata moto. Harufu ya waya ikapungua chumbani. Perpétue alianza kutabasamu, ndipo akasikia kwamba harufu haikuisha bali imehamia nje, nyuma ya mlango.

"Hodi," Mahoro akasema. Akausukuma mlango, akasimama na mikono yake ya oili, macho hayapepesi. "Papa Bénie. Muko na batoto bangapi?"

Hapa Goma tunahesabu kwa Kifaransa bila kufikiri; jibu linatoka lenyewe. Éphraïm alikazana mpaka mishipa ya shingo ikatoka.

"Papa Bénie. Muko na batoto bangapi?" Sauti ile ile, mpigo ule ule. Mara tatu. Mara nne. Kisha Mahoro akatetemeka, akatazama huku na huku, uso umejaa aibu. "Mama Bénie, samahani. Nimekuja kufanya nini huku?"

Tangu hapo haikuacha. Ilimjia kwa mchuuzi wa mkaa: gunia ngapi? Ilimjia kwa katekista mlangoni mwa kanisa: Mungu wangapi? Ilimjia kwa dada yake mwenyewe Rosette, aliyesafiri kutoka Kibumba na mzigo wa viazi kuja kumpa pole, akamkumbatia, na akiwa bado amemkumbatia akamnong'oneza sikioni kwa sauti isiyo yake, una dada wangapi. Na Éphraïm, ambaye sauti yake ilikuwa mali ya Ndosho nzima, aliyeweza kuwachekesha watu mia kwa kukohoa tu, alijifunza kutoitika, kutoguna, kutopiga chafya bila kujibana pua, kutolia, maana hata kilio kina un ndani yake.

Usingizi ndio uliowashinda. Mtu anasema usingizini. Kwa hiyo alilala mchana tu, kwa muda wa saa mbili, Perpétue ameketi kando yake akimtazama midomo. Mikate hakuuza tena. Bénie alifundishwa: humwiti Papa, unamgusa goti. Papa ni mgonjwa wa koo. Mtoto alikubali, akawa anaingia nyumbani kwa vidole vya miguu, anamgusa goti, wanacheka bila sauti wote wawili.

Juma la nne, siku ya kutoa matokeo shuleni, Éphraïm alilala kabla ya mchana kwa uchovu. Jua lilipita kwenye lile bati bovu na kumwangukia shavuni. Perpétue akaona midomo inacheza. Akainama. Mumewe alikuwa anaota kazi yake. Alimjua kwa namna nyusi zilivyopanda, kama anavyofanya akiwa anaandaa utani, na uso wake ulikuwa na raha ambayo Perpétue hakuiona tangu jioni ile, na koo lake likaanza kutetema, sauti inajikusanya mle ndani, bado haijawa neno, na yeye akanyoosha mkono ili amwamshe, mkono ukasimama hewani, kwa kuwa mtu akiamshwa ghafla huguna kwanza ndipo afungue macho, na asipoamshwa atasema, na kati ya hayo mawili hakukuwa na la tatu, akabaki hivyo, mkono juu ya bega ambalo hathubutu kuligusa, akisema moyoni Bwana Yesu chukua yangu, yangu miye, ile yenye ni yangu kweli, na hakuna aliyemjibu.

Koo likatulia. Midomo ikafungana. Éphraïm akavuta pumzi ndefu, akageukia upande wa ukuta, akalala vizuri. Perpétue akaketi sakafuni, jasho linamtiririka, akacheka kidogo kwa unyonge. Limepita, akajiambia. Hata leo limepita.

Nje miguu midogo ilikuwa inakimbia juu ya mawe. Hapakuwa na harufu ya waya, hapakuwa na chochote. Alikuwa mtoto tu, amepasi, karatasi ya shule mkononi, furaha imemsahaulisha yote aliyofundishwa. Perpétue aliruka kuuendea mlango.

"Papa!" Bénie akaita. "Papaa!"

Na Éphraïm, macho bado yamefungwa, akatabasamu, akaitika.