Viti Viwili vya Uwanja Mpya

Mtu wa kunidanganya mimi kwa mambo ya pesa hajazaliwa. Nimemaliza sekondari. Hesabu nilifaulu vizuri, mpaka mama akawatangazia majirani wote, pamoja na wale ambao hawakuuliza.

Baba ni fundi wa makochi. Anajaza sponji, anavuta kitambaa, anapigilia misumari. Mama ndiye anayeshona. Mimi nabeba makochi na kuwachekesha wateja wasione kwamba tumechelewa.

Na tulikuwa tunachelewa kweli. Cherehani yetu ya kushonea ngozi ilikuwa imekufa. Mama alishona ngozi kwa mkono, kwa sindano nene, vidole vimejaa plasta. Tulikuwa tunaweka akiba ya kununua cherehani nyingine, na akiba ilikaribia kutosha.

Ndipo timu yetu ikaja na viti vyake.

Uwanja wetu wa zamani ulivunjwa. Tangu hapo timu inacheza kwenye viwanja vya kuazima, kama mgeni anayelala sebuleni. Baba na kaka yake, yaani baba mkubwa, walikaa pamoja nyuma ya goli katika uwanja ule tangu utoto wao. Mimi nilipozaliwa wakaniweka katikati. Kisha baba mkubwa akaenda nchi ya mbali kuchomelea vyuma. Kila akipiga simu, baba humwambia, "Kaka, leo tungekuwa pale!" Halafu wananyamaza wote wawili, na salio linakwenda.

Basi timu ikatangaza hatifungani za mashabiki. Shabiki anatoa pesa, uwanja mpya unajengwa, na baada ya miaka kadhaa anarudishiwa pesa yake pamoja na faida. Anayetoa pesa nyingi anaandikwa jina kwenye kiti.

Tulikwenda ofisi ya timu, mimi na baba. Mlangoni waliweka kiti cha mfano, cha ngozi. Wengine walipiga nacho picha. Baba alipiga goti. Akabonyeza sponji. Akapitisha kidole kwenye mshono. Akachungulia chini.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "mshono mara mbili. Sponji nzito. Msumari hakuna, ni skrubu tupu. Watu wa kutengeneza kiti namna hii si matapeli."

"Na faida inashinda ya benki," nikasema mimi, bingwa wa hesabu. "Baba, tunapoteza muda. Chukua viwili."

"Changu na cha kaka," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Tulipomweleza mama kwamba viti vitalipiwa kwa akiba ya cherehani, aliweka sindano chini. Alibandua plasta moja, akabandika nyingine. Kesho yake akamwita shangazi. Shangazi ni dada yake baba. Anafanya kazi kwenye chama cha akiba na mikopo. Kazi yake ni kupima nani akopeshwe, na nani arudishwe nyumbani kwa tabasamu.

"Kaka, hongera," alisema kabla hajakaa. "Nasikia unaikopesha timu."

"Kuikopesha? Nanunua kiti."

"Hatifungani ni mkopo, kaka. Timu inakopa, wewe unakopesha. Mimi mtu akija kukopa, namuuliza atalipa kwa pesa gani. Timu imesemaje?"

Baba akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

"Kwa viingilio vya uwanja mpya," nikajibu.

"Ambao haujajengwa. Na ujenzi ukichelewa? Na timu ikishuka daraja, watu watajaa vilevile?"

"Timu yetu haishuki!" tukasema mimi na baba kwa pamoja, kama kwaya.

"Msimu huu iko nafasi ya ngapi?"

Kwaya ikanyamaza.

"Lakini shangazi, faida ni kubwa," nikajaribu.

"Faida kubwa mara nyingi ni bei ya hatari kubwa, bwana msomi. Jiulize kwa nini hawakukopa benki kwa riba nafuu. Pesa unayoweka benki kwa kawaida ina bima ya kiasi fulani. Hii haina. Timu ikifilisika, waliokopesha kwa dhamana, kama benki, wanalipwa kwanza. Wewe unasimama mwisho wa foleni na skafu yako shingoni. Na mkeo akiugua kesho, unaweza kuitoa pesa kabla ya muda?"

"Sikuuliza," baba alisema.

"Mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji imeidhinisha?"

"Sijui. Lakini kiti ni kizuri, dada. Nimekishika."

"Umeshika kiti, kaka. Hesabu za timu hukuzishika." Hakucheka. "Sisemi ni matapeli. Huenda wanaipenda timu kama wewe. Lakini wanajua pia kwamba shabiki hana moyo wa kuwadai."

Baba alitazama mikono yake.

"Kaka akirudi," akasema, "tutakaa wapi?"

 

Shangazi akamshika bega. "Siku hiyo mtanunua tiketi. Ukitaka kuisaidia timu, toa pesa ambayo hata ikipotea hamlali njaa, na uiite mchango. Ya cherehani usiiguse."

Tulirudi ofisini na maswali ya shangazi. Kijana wa mapokezi alikuwa mkarimu sana. Alitupa soda. Alitupa kalenda. Hesabu zilizokaguliwa hakutupa, wala kibali hatukukiona. Baba akanunua skafu mbili, tukatoka. Hakugeuka kukitazama kile kiti.

Cherehani ikaja. Vidole vya mama vikapona. Tukapata kazi ya kushona viti vya ukumbi mzima, na kwa mara ya kwanza tukaimaliza kabla mteja hajaanza kupiga simu za hasira.

Msimu ulipoisha, timu ilishuka daraja. Ujenzi ukasimama. Jirani yetu kinyozi, aliyetoa pesa ya pango la duka lake, akaambiwa malipo yameahirishwa. Sasa ananyolea barazani kwake. Ukimtaja mwenyekiti wa timu, hakikisha wembe hauko shingoni mwako.

Juzi baba alinituma uzi. Nilichelewa kurudi. Nikawaambia duka lilikuwa na foleni, na mama mmoja alibishana na muuzaji juu ya rangi mpaka akaitwa mwenye duka. Nilikuwa ndiyo kwanza naigiza sauti ya yule mama, kinyozi akaingia na stuli yake iliyochanika.

"Foleni ya wapi?" akauliza. "Wewe si nimekuona uwanja wa zamani, umeshikilia uzio kama mfungwa? Nimekuita, hukusikia."

Mama akasimamisha cherehani. Nilitafuta mzaha, sikuupata.

Baba alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa taratibu, akaiweka mezani.

"Milingoti ya goli bado ipo?"

"Ya upande mmoja tu," nikasema. "Ule tuliokuwa tunakaa nyuma yake."