Kiganja Kwenye Mlango wa Fiat

Adhana ya magharibi ilikuwa imeshatoka, nami namwaga maji machafu ili nifunge karakana nikale, pale ile Fiat kuukuu ilipoingia uani. Ilikuwa nyeupe zamani. Hapa Helwan, kusini mwa Kairo, vumbi la chuma la viwandani huangukia magari mchana na usiku, linajichomeka kwenye rangi, na sabuni hailiwezi. Mimi ndiye wa kulitoa.

Alishuka mwanamke mrefu, uso umekunjamana. Alijitaja kuwa Inshirah. Mumewe, Fikri, alikuwa kiti cha nyuma, kajifunika blanketi, anakohoa.

"Nimeshafunga kazi," nikamwambia.

"Mlango huu mmoja tu. Au na wewe ni fundi wa mdomo, kama wale wawili walionikimbia?"

Likaniuma hilo. Mimi Bayumi sijawahi kukimbia gari.

Kwenye mlango wa nyuma palikuwa na alama ya kiganja, ya kahawia iliyokolea. Sikuhitaji kuambiwa. Kwetu gari likinunuliwa anachinjwa kondoo, na mama wa mwenye gari anachovya mkono kwenye damu na kuubandika ubavuni, jicho la hasidi lisimpate mwanawe. Kwa kawaida hufifia baada ya kiangazi kimoja. Hii ilikuwa nzima, hadi mistari ya kiganja.

"Ni mkono wa mama mkwe," Inshirah akasema. "Tumemzika mwezi uliopita. Ufute."

Nikanyunyiza dawa ya chuma. Ikikutana na vumbi la chuma hugeuka zambarau, hutiririka, hunuka yai viza. Wateja hushtuka, mimi nimezoea.

Safari hii iligeuka nyekundu.

Na ikanuka... kama machinjio.

Nikajisemea ni damu ya zamani imelowa. Nikasuuza, nikafinyanga ule udongo laini wa kusafishia rangi, nikaanza kuupitisha polepole, maana rangi ya gari la zamani ni nyembamba, ukikosea unafika kwenye bati. Kidole kidogo cha ile alama kikafutika.

Ndani ya gari, kikohozi kikakatika.

"Acha," Fikri akanong'ona dirishani.

"Anaweweseka huyo," mkewe akasema. "Fanya kazi."

Kidole cha pete. Cha kati. Kila kimoja kilipotoka, pumzi za Fikri zilizidi kuwa fupi. Nikachungulia kwenye kioo. Midomo yake ilikuwa ya majivu. Na blanketi lilikuwa linavutwa... kuelekea upande wa pili wa kiti, ambako hapakuwa na mtu. Naye alikuwa akivutwa nalo.

Nikautupa udongo chini.

"Mama, mumeo anakufa."

"Naona. Malizia."

"Simalizi. Ondoa gari lako."

Akauokota udongo ukiwa umejaa mchanga, akavikwangua vidole viwili vilivyobaki. Rangi ikatoka hadi bati. Kikabaki kitanga tu.

Kwiiii...

Mlango wa upande wa pili ukafunguka wenyewe. Nje yake palikuwa na ukuta wangu wa matofali na kiza cha magharibi. Miguu ya Fikri ikaanza kutoka.

Sikufikiri. Nilimsukuma yule mwanamke, ukingo wa bati lenye kutu ukanichana mkono, nikabandika kiganja changu chenye damu palepale kwenye alama. Nikakikandamiza kwa nguvu zangu zote.

Kitu kikavuta. Nilikisikia hadi begani.

Kisha kikaachia. Mlango ukajifunga taratibu. Fikri akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia kwa sauti ya mtoto.

Nilitegemea matusi. Inshirah alikaa juu ya ndoo yangu, amechoka.

"Mama yake alimshikilia miaka yote hii. Tangu azikwe, mkono unalegea kila jioni. Wangu nilijaribu, haukushika."

"Ungeniomba, mwanamke!"

"Ukiombwa haushiki. Lazima mtu ashike mwenyewe, kwa huruma. Ndiyo maana nilikuacha umwone akivutwa."

"Kinachomvuta ni nini?"

"Muulize yeye. Mimi hajaniambia." Akaingia garini. "Kidonda kikipona, usije ukatafuta gari hili uufute mkono wako."

Fikri yu mzima. Nilimwona sokoni akichagua tikiti, mashavu yamejaa. Aliponiona akainamisha macho, akavuka barabara. Ninamchukia mtu yule kuliko ninavyoweza kueleza.

Mkono wangu haukunjiki tena, na unauma hadi begani. Ikifika magharibi huvutwa, kidogo kidogo, nami nafuata hatua moja, mbili, kisha najishikilia kwenye kitanda. Jana kitanda hakikutosha. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mkono umenyooka mbele yangu, pale mke wangu Saniya alipotoka jikoni.

"Unakwenda wapi pekupeku?"

Nikamwambia aondoke. Nikamtukana, mimi ambaye sijawahi kumtukana, ili akasirike, asinihurumie, aniache niende.

Saniya akaniangalia usoni. Akaufuta mkono wake kwenye gauni, akanishika kiganja, akakaza.

Na maumivu yakaniisha papo hapo. Mkono wake ndio ukanyooka kuelekea mlangoni.